Machale Yana Shamba Lake

Gunia lilikuwa limesimama mlangoni mwa ghala, limeshonwa vizuri, na mchele uliotoka kwenye bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, ulinipendeza: mrefu, unang'aa, chenga chache. Muuzaji alisema ni wa Kyela, na harufu yenyewe ilikuwepo. Shangazi aliupokea kiganjani, akaupuliza, akatia punje tatu mdomoni na kuzitafuna kwa meno ya mbele. Zilizobaki akazirudisha.

"Mwanangu, twende. Mchele huu haujanikubali."

Ilikuwa Mwanjelwa, mwezi Julai, baridi ya Mbeya ile inayofanya watu wazungumze wakiwa wameficha mikono kwapani. Tulikuwa tumezunguka tangu asubuhi, na bei ya pale ilikuwa nafuu kuliko ya maghala matatu tuliyotoka. Nilimuuliza ameona kasoro gani. Akasema hajaona kitu. Roho imekataa, basi.

Sikumwacha. Shangazi ameuza mchele zaidi ya miaka thelathini na sikuwa na sababu ya kumshuku. Nilitaka tu kujua roho yake imeona nini ambacho macho yangu yaliyokuwa pale pale hayakukiona. Kwenye daladala ya kurudi Uyole nikaendelea kumuuliza, taratibu, jambo moja moja. Ulipoutafuna ulisikiaje? Akafikiri. Punje mbili zilikatika kwa mlio, moja ikabonyea. Maana yake? Maana yake haukukaushwa pamoja, huo ni mchele wa sehemu mbili. Na harufu je? Kimya kirefu zaidi. Harufu ilikuwa kwenye vumbi la gunia, mdomoni ilipotea. Tulipofika karibu na njia panda akakumbuka la tatu, mwenyewe, bila kuulizwa: yule kijana alichoma bambo upande mmoja tu, juu, kwenye kila gunia.

"Hayo yote uliyajua pale pale, shangazi?"

"Sikuyajua. Nimeyajua sasa uliponisumbua."

Jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu linakata mzizi wa namna mbili tunazolizungumzia jambo hili huku kwetu. Wapo wanaoamini kwamba machale ni karama, wengine wamejaliwa na wengine wamenyimwa, na aliyejaliwa asiulizwe. Wapo pia, hasa sisi tuliokaa madarasani, wanaoona kwamba mtu mzima anayesema "roho imekataa" anaficha uvivu wa kufikiri. Shangazi hayuko upande wowote kati ya hizo. Alifikiri, tena kwa undani kuliko mimi, ila kufikiri kwenyewe kulimalizika kabla hakujampa taarifa. Na alipoulizwa vizuri, sababu zilitoka.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni kwamba machale ni mavuno. Yanatoka kwenye shamba fulani lililolimwa kwa miaka fulani, na nje ya mipaka ya shamba hilo hayana mamlaka yoyote, hata yakisikika kwa sauti ile ile, na hata mwenye nayo akiwa na uhakika ule ule. Wengi wetu hatuijui mipaka ya mashamba yetu. Hapo ndipo tunapoumia.

Kiswahili kimeliona jambo hili zamani. Wanafalsafa wetu wanaliita ung'amuzi, na wanaozungumzia wanyama hutumia silika, lakini mtaani tunasema machale yamenicheza, moyo umesita, roho imekataa, mwili umesisimka, damu zetu hazikupatana. Ukizipanga semi hizo pamoja utaona zote zimewekwa mwilini. Hakuna anayesema akili imemcheza. Lugha inatuambia kwamba taarifa hii hufika kwanza kama hali ya mwili, na maneno, yakija, huja nyuma yake. Nadhani ni ufahamu sahihi kabisa, na watafiti wa mbali wamechukua miaka mingi kuufikia.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, waliokuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa sataranji. Walimwonyesha bingwa ubao kwa sekunde tano, kete zikiwa zimekaa kama zilivyokaa katikati ya mchezo wa kweli, kisha wakamtaka azipange upya kwa kumbukumbu. Alirudisha nyingi sana kuliko mchezaji anayeanza. Kisha wakazitawanya kete zile zile ovyo, mpangilio usioweza kutokea kwenye mchezo wowote. Ubingwa ukayeyuka, hapo alikuwa sawa na yeyote. Kumbe kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni maelfu ya mipangilio aliyokwisha kuiona, na jicho lake liliitambua kama wewe unavyoitambua sura ya ndugu yako katikati ya umati wa stendi. Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, baadaye alifikia kusema kwamba ung'amuzi ni kutambua, hauna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Gunia lile la Mwanjelwa lilikuwa ubao wa namna hiyo. Kwa mtu aliyetafuna mchele wa Kyela kila wiki kwa miaka thelathini, punje moja kubonyea na mbili kukatika ni kete iliyokaa mahali isipowahi kukaa.

Kuna kazi nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu inahusu watu wasiosifiwa. Mapema miaka ya 1990 Beth Crandall na Karen Getchell-Reiter waliwahoji wauguzi wa wodi za watoto njiti nchini Marekani. Wauguzi wazoefu walikuwa wakimtazama mtoto na kusema huyu anaanza kuugua, kabla vipimo vya damu havijaonyesha maambukizi. Walipoulizwa wanajuaje, walijibu kama shangazi: tunajua tu. Watafiti wakafanya kazi ya kuuliza kisa kimoja kimoja, mtoto mmoja mmoja, mpaka dalili zikaanza kutoka: rangi iliyofifia kidogo, mtoto aliyekuwa mchangamfu kuwa mlegevu, namna ya kunyonya iliyobadilika. Baadhi ya dalili hizo hazikuwemo kwenye maandiko ya kitabibu ya wakati ule. Zilikuwa mikononi mwa wauguzi, bila mtu yeyote kuziandika, pengine kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasumbua kwa maswali.

Upo pia utafiti wa karata wa Antoine Bechara na Antonio Damasio na wenzao, wa mwaka 1997, uliopata sifa kubwa. Washiriki walichagua karata kutoka mafungu manne, mawili yakiwa ya hasara. Viganja vyao vilianza kutoa jasho kabla ya kugusa fungu baya, wakati midomo yao bado haiwezi kueleza ubaya uko wapi. Mwaka 2004 watafiti wengine, Tiago Maia na James McClelland, waliurudia wakiuliza maswali ya kina zaidi, wakakuta washiriki wanajua mengi kuliko ilivyodhaniwa. Wapo wanaoona marekebisho hayo yanaiharibu hadithi. Mimi naona yanaikamilisha, kwa kuwa ni kile kile kilichotokea kwenye daladala ya Uyole: ukiuliza kwa juu, mtu hajui, ukimsumbua, anajua.

Sasa nije kwenye mipaka ya shamba, ambayo ndiyo shida yangu kubwa.

Mwaka 2009 jarida la American Psychologist lilichapisha makala ya watu wawili waliokuwa wamesimama pande zinazopingana. Daniel Kahneman alikuwa ametumia maisha yake kuonyesha jinsi hukumu za haraka zinavyotupotosha. Gary Klein alikuwa amekaa na makamanda wa zimamoto akionyesha jinsi hukumu za haraka zinavyookoa maisha. Wakaandika pamoja ili kuona wanatofautiana wapi, na wakajikuta wamekubaliana kuhusu masharti mawili. La kwanza, mazingira yenyewe yawe na utaratibu, dalili fulani zifuatwe na matokeo fulani mara kwa mara. La pili, mtu awe amepata nafasi ya kujifunza utaratibu huo kwa kurudia, huku majibu yakimrudia. Likikosekana moja, machale hayana pa kuota. Na wakaongeza jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila ofisi: uhakika anaousikia mtu moyoni si ushahidi kwamba yuko sahihi.

Dereva wa lori ana masharti yote mawili. Niliwahi kupewa lifti kwenye semi tela kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Tulipopita Ilula na kukaribia kuanza kuushuka mlima Kitonga, dereva, mzee mkimya aliyekuwa hajasema maneno kumi tangu tuondoke, aliegesha gari pembeni. Utingo akamuuliza kulikoni. Akasema gari linaongea sana. Utingo akaingia chini, akazunguka tela, akarudi na habari kwamba mpira wa upepo umesuguliwa na chuma na unavuja kidogo. Mfumo ule ukijaa upepo hutoa pumzi, pshh, kisha hutulia mpaka breki zitumike tena. Upepo unapovuja unajazwa upya mara kwa mara, na ile pumzi inakuja karibukaribu mno. Mzee hakuwa akihesabu. Lakini ameshuka Kitonga mara zisizohesabika, na mlima ule haufichi majibu: ukikosea gia unajua ndani ya kona mbili. Walimu wachache ni wakali na waaminifu kiasi hicho. Mabaki ya magari huko bondeni yanaeleza yaliyowapata wale ambao somo liliwafika mara moja tu.

Kabla ya Ilula tulikuwa tumepita Lugalo, penye mnara. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliangukia hapo mikononi mwa wapiganaji wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na jeshi lake likavunjika kwa muda mfupi. Huyu hakuwa mgeni wa vita. Alikuwa amepigana pwani, upande ulioshinda. Nimelifikiria hilo kila ninapopita pale. Mtu aliyefundishwa na pwani jinsi adui anavyokimbia akisikia bunduki, alipopanda nyanda za juu alipanda na uhakika wa pwani. Shamba lilikuwa limebadilika chini ya miguu yake na moyo wake haukumwambia.

Nina ushahidi wa karibu zaidi wa jambo hilo, na unaniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja nje kidogo ya jiji la Mbeya. Muuzaji alikuwa mtu mzima mpole. Alinikaribisha kwake, akanipa chai na viazi vya kuchemsha, akaniamkia kwa lugha ya mama yangu, na kabla ya kusaini akaomba tusali. Nilitoka pale roho imetulia kama maji mtungini. Rafiki aliponishauri nikaulize kwanza ofisi ya ardhi, nilimjibu kwa kiburi cha mtu aliyeelewa: yule mzee ninamhisi, ni mtu safi. Baada ya miezi miwili nilikuta mawe ya msingi yamemwagwa kwenye kiwanja changu na mtu mwingine kabisa, mwenye karatasi za tarehe ya nyuma kuliko zangu. Fedha sikuzipata zote.

Nilipokaa kuichambua ile roho iliyotulia, nilijiuliza swali ambalo lingenichukua dakika moja kabla ya kutoa fedha: nimewahi kununua viwanja vingapi maishani? Hicho. Kimoja. Sasa utulivu ule ulitoka wapi, ikiwa hakuna viwanja thelathini nyuma yake, hakuna makosa, hakuna majibu? Ulitoka kwenye chai, kwenye sala, na kwenye sauti ya mama yangu mdomoni mwa mgeni. Mwili wangu ulisoma kwa usahihi kabisa kwamba nimepokelewa vizuri. Kosa langu ni kuichukua taarifa ya mapokezi na kuisoma kama taarifa ya ardhi.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza machale yangu yanatoka shamba gani kabla ya kuyatii. Kuna tofauti ambayo mtu anaweza kujizoeza kuisikia, ingawa inahitaji utulivu. Machale ya uzoefu mara nyingi huja na kitu kidogo kilichokaa vibaya: punje inayobonyea, pumzi inayokuja karibukaribu. Hata usipoweza kukitaja, unahisi kwamba kipo mahali fulani hapo mbele yako, na ukirudi kukitafuta unakipata. Hofu na tamaa hazina kitu kidogo. Zinakuja nzima nzima, zinaelekezwa kwa mtu au kwa fedha, na ukiziuliza zimeona nini zinakasirika. Mtu anayetaka sana kuoa atasikia moyo ukimwambia ndiye. Aliyekwisha kuliwa fedha mara moja atasikia moyo ukimwambia kila biashara ni wizi. Sauti zote tatu zinakaa kifua kimoja.

Hili si jambo la saikolojia ya majarida tu. Huku kwetu limeshagharimu uhai wa watu. Mtoto anaugua ghafla, mazao yanakauka upande mmoja wa uzio na kustawi upande wa pili, na mtu anasema: mimi moyo wangu unaniambia ni yule bibi. Hakuna anayemuuliza moyo wake umejifunzia wapi kuwatambua wachawi. Amekwisha kuwatambua wangapi, na jibu lilimrudia vipi kwamba alikuwa sahihi? Jibu halirudi kamwe. Bibi mwenye macho mekundu kwa sababu amepika kwa kuni jikoni pasipo na dirisha, maisha yake yote, katika baridi hii inayotulazimisha tufunge milango, hana namna ya kuthibitisha kwamba si mchawi. Sheria ya Uchawi ipo tangu enzi za mkoloni, mwaka 1928, na shutuma zenyewe zimepigwa marufuku humo, lakini sheria haiingii ndani ya kifua kinachojiamini. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, na serikali yenyewe ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Nyuma ya vitendo vya namna hiyo kuna watu wenye uhakika: wa mganga, wa ndoto, wa moyo ulioambiwa. Naandika hili kwa uzito wote nilionao. Pale ambapo jibu haliwezi kurudi, hisia kali inapaswa kumfanya mtu anyamaze, na anayeisema mbele ya umati anawasha moto asioweza kuuzima.

Kwa waamini wenzangu, maana Mbeya ni mji wa makanisa, sisemi kwamba Mungu hasemi na mtu. Nasema tu kwamba hata katika Maandiko Samweli alipoitwa usiku alikimbilia kwa Eli mara tatu kabla ya kujua ni nani anayemwita. Aliyekuja kuwa nabii alihitaji mtu mzima wa kumsaidia kuitambua sauti.

Liko pia jambo la shamba kubadilika wakati wewe bado unalima. Mikoa yetu hupata mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na wazee wa Rungwe na Iringa wamekuwa wakisoma ujio wake kwenye maua ya mifyulisi, kwenye ndege, kwenye upepo. Ni elimu ya kweli, imejengwa kwa masharti yale yale mawili: utaratibu, na majibu ya kila mwaka. Mjomba wangu alikuwa msomaji mzuri wa dalili hizo. Majirani walikuwa wakisubiri aanze kupanda ndipo nao waanze. Lakini amepanda mahindi kwa mvua ya kwanza misimu miwili, yakaota, jua likawaka wiki tatu, na mbegu ikaenda. Dalili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kinachofuata baada ya dalili. Ilimuuma kuliko hasara ya mbegu, maana alikuwa anasemwa. Sasa anasikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, na mvua ikinyesha anachimba kwa jembe kuangalia unyevu umeshuka kiasi gani kabla ya kutia mbegu. Maua ya mifyulisi bado anayaangalia. Ninamheshimu kwa hilo kuliko nilivyomheshimu alipokuwa hakosei.

Je, machale yanafundishika? Yanafundishika, na njia yake haina fahari yoyote. Nimetazama shangazi anavyofanya, na nimegundua kwamba kwa miaka yote hii, bila mtu kumfundisha, amekuwa akifanya kile ambacho makala ya 2009 inakidai. Kila siku anaponunua mzigo mpya, jioni anachukua kikombe kimoja cha mchele ule na kuupika kivyake, kwenye sufuria ndogo, kwa maji yale yale na moto ule ule. Anaula hivi hivi, bila mboga. Watoto wa nyumba ile wamekua wakidhani ni desturi ya chakula. Kumbe ni jibu linarudi. Alichokihisi saa tatu asubuhi sokoni anakutana nacho saa moja usiku mezani, siku ile ile, kabla hajasahau alihisi nini. Hesabu mwenyewe ni sufuria ngapi kwa miaka thelathini.

Binti anayemsaidia dukani naye anapitishwa njia hiyo hiyo. Shangazi hamwambii mchele huu ni mzuri au mbaya. Anampa punje, anamwambia tafuna, sema. Binti akisema "sijui, shangazi," anaambiwa sema hivyo hivyo. Lazima abahatishe kwanza, aweke neno lake, ndipo usiku aonje. Nilidhani ni ukali wa kizamani, lakini nimeona mantiki yake: ukiambiwa jibu kabla ya kubahatisha, utaamini kwamba ulikuwa unalijua. Akili zetu ni hodari wa kusema "nilijua tu" baada ya mambo kutokea. Ni waongo wenye tabasamu. Neno lililowekwa mapema ndilo linaloweza kuwaumbua.

Mimi sina duka, kwa hiyo ninatumia daftari. Ninapokutana na jambo linalonicheza machale, naandika tarehe, nilichohisi, na ningeweka fedha kiasi gani juu ya hisia hiyo kama ningelazimishwa. Kisha naliacha. Baada ya miezi narudi. Kurasa zinanionyesha kwamba nikiwasoma wanafunzi, kazi niliyoifanya muda mrefu, ninakosea mara chache. Nikiwasoma watu wanaoniomba fedha, ninakosea karibu kila mara, tena pale nilipoandika kiasi kikubwa zaidi. Sikuwa nimelijua hilo juu yangu. Ningeapa kinyume.

Mwaka jana shangazi alianza kufikiria biashara ya parachichi. Rungwe na Njombe zimejaa miche ya parachichi aina ya Hass, wanunuzi wanakuja na magari makubwa, na alikuwa na mtaji kidogo umekaa. Tukaenda naye Tukuyu kuangalia. Mkulima alituzungusha shambani, shangazi akashika tunda, akalibonyeza, akalinusa kikonyo. Nilimsubiri aseme kama roho imekubali. Akalirudisha taratibu na kumgeukia mkulima: "Mwanangu, mimi parachichi sijui. Nielekeze."

Alielekezwa kwamba tunda la Hass linaweza kukomaa likiwa bado la kijani mtini, kwamba ukubwa unadanganya, na kwamba lililochumwa changa halilainiki vizuri, linanyauka na kuwa kama mpira. Aliomba matunda kumi na mawili kutoka miti tofauti, akayalipia. Alipofika Uyole aliyapanga dirishani jikoni, akaandika namba kwa kalamu ya wino kwenye ganda la kila moja, na kwenye daftari la madeni akaandika ni lipi anadhani limekomaa na lipi bado.

Nilipita kumsalimia siku ya tisa. Alikuwa na kisu mkononi na matunda manne yamekwisha kukatwa mezani.

"La saba hili," akaniambia, akinionyesha ganda lililojikunja. "Nililiandika la kwanza kwa uzuri." Akalisogeza pembeni, akavuta daftari, akaanza kuandika.